Triumph ya 1969: bolti zimechanganyika thredi, nikate zote upya kwa milimita?

mtopanga_moto
Asalaam aleikum jamani. Kuna pikipiki ya Triumph TR6 ya 1969 hapa, injini yote imefunguliwa. Bolti nyingine zimeandikwa 8.8 kichwani, nyingine zina viduara vitatu vilivyoshikana, nyingine hazina alama. Stadi (bolti zisizo na kichwa) za inchi 5/16 ukizijaribu na nati ya M8, yaani ya milimita 8, inaingia mizunguko miwili kisha inakaza. Kwenye matundu madogo ya fremu, M6 inaingia kwa mkono bila taabu, lakini ukiikaza inazunguka bure. Spana 13 haiingii, 14 inateleza. Maduka mengi hapa Mombasa yana bolti za milimita tu. Je, nikate thredi zote upya ziwe za milimita, au nitafute za asili? Na nitazitambuaje?

spana_ya_zamani
Waaleikum salaam. Usikate chochote kwanza. Mwaka huo ndio wenye mchanganyiko mkubwa: Triumph na BSA, viwanda vya pikipiki vya Uingereza, walihamia thredi za Unified (za inchi; UNF ni ya meno membamba, UNC ya meno manene) hatua kwa hatua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo pikipiki moja inaweza kuwa na UNF pamoja na thredi za zamani za Uingereza: CEI (ya baiskeli na pikipiki), BSW (Whitworth ya meno manene) na BSF (Whitworth ya meno membamba). Viduara vitatu vilivyoshikana ni alama ya Unified. Ile 8.8 ni bolti ya milimita, yaani kuna fundi aliyepita hapo kabla yako, na kila tundu lililokuwa na bolti hiyo likague upya.

Pima vitu viwili: unene kwa venia, na idadi ya meno. Kama huna geji ya thredi, weka rula na uhesabu meno ndani ya nusu inchi (milimita 12.7). Ukipata 13 ni CEI ya meno 26 kwa inchi, 12 ni UNF, 11 ni BSF, 9 ni BSW au UNC. Hesabu hiyo ni ya 5/16 peke yake. Kwa 3/8, BSF ina meno 20, BSW na UNC 16, UNF 24, na CEI inabaki 26. CEI ndiyo rahisi kuikumbuka, saizi nyingi ni 26, ila kwenye 7/16 na 1/2 utakutana pia na 20.

Sasa M6 yako. Robo inchi ni milimita 6.35, na meno 26 kwa inchi ni hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 0.977. M6 ina hatua ya 1.0. Hatua zinakaribiana mno, ndiyo maana inaingia vizuri kwa mkono, lakini bolti ni nyembamba kwa 0.35 na meno yanashikana kwa ncha tu. Ukikaza, yanakatika. Hatari zaidi ni nati ya M10 ya bodaboda, ile ya hatua 1.25, juu ya stadi ya 3/8 BSF: inapanda yote na inaonekana sawa, kumbe inashika kidogo sana. Ukiiona kwenye breki au ekseli, itoe leo.

Spana: kichwa cha bolti yako ni 1/4 Whitworth, upana wake milimita 13.3. Namba iliyo kwenye spana za Whitworth ni unene wa bolti, si upana wa kichwa, na spana hiyohiyo huandikwa pia 5/16 BS. Nunua seti kuanzia 3/16 hadi 1/2 kabla ya kununua bolti hata moja.

bi_tudor
Naongeza habari ya pembe, maana hapo wengi huharibu. BSW na BSF zina pembe ya digrii 55, CEI na Unified 60. BSW na UNC za robo inchi zote zina meno 20, na nati ya moja itapanda kwenye nyingine, ila kuta za meno hazilali pamoja. Kwenye madigadi sawa, kwenye injini hapana. Vivyo hivyo usisafishe tundu la BSW kwa tapu (kifaa cha kukata thredi ndani ya tundu) ya UNC. Chukua bolti nzuri ya asili, ichonge mifereji mitatu kwa faili ya pembe tatu, uipitishe na mafuta. Inatoa uchafu bila kukata chuma.

Kwenye alumini baki na BSW, meno yake manene ndiyo yanayoshika kwenye chuma laini. Tundu likiwa limekufa, tia kichomeko cha waya (waya uliosokotwa unaokaa ndani ya tundu kama thredi mpya) cha BSW hiyohiyo ili stadi ya asili irudi. Kulipanua mpaka M10 kunakula ukuta wa krankikesi (kasha la chini la injini).

mtopanga_moto
Shukran sana. Na stadi mbili zilizoganda kwenye alumini, zimezungukwa na unga mweupe?

lethi_shimanzi
Huo unga ni alumini iliyoliwa, na chumvi ya bahari inaharakisha. Changanya asetoni na oili ya giaboksi otomatiki nusu kwa nusu, tia, acha usiku kucha. Futa na uache ikauke kabisa kabla ya moto, asetoni inalipuka. Pasha alumini, si stadi, kisha funga nati mbili zibanane na uzungushe ile ya chini. Nati hizo ziwe za thredi sahihi, la sivyo unaua stadi nzima.

Ikikatika na ukapeleka kwa fundi wa lethi, mpe namba zote: unene, meno kwa inchi na pembe. Wengi wana kisu cha digrii 60 tu, kwa hiyo kwa BSW uliza kisu cha 55. Mashine ya milimita inahitaji gia ya meno 127 ili ikate inchi sawasawa. Na stadi za silinda hedi zisitengenezwe kwa nondo ya kawaida, omba EN24T, chuma chenye nguvu zaidi. Wakati wa kurudisha, paka grisi ya kuzuia kuganda, hasa ukitumia bolti za stenlesi, maana hizo ndani ya alumini kwa hewa yetu ya pwani huganda upesi kuliko za chuma cheusi zilizopakwa zinki.