Melodia ya Goa juu ya besi ya foresti: mbona inageuka uji?

Majengo_148 (Goma)
Hamjambo ndugu. Natengeneza wimbo wa psaitransi (muziki wa dansi wa kielektroniki) unaoanza kama foresti, ile ya giza yenye sauti za msitu, mapigo 150 kwa dakika, na katikati naingiza Goa, ile ya zamani yenye melodia nyingi: arpejio mbili (noti za kodi zinazopigwa moja moja) na laini moja ya 303, sinthesaiza ndogo ya besi ya Roland. Shina, yaani noti ya msingi, ni fa. Skeli ya Goa ni fa, sol-bemoli, la, si-bemoli, do, re-bemoli, mi-bemoli. Kiki (ngoma nzito ya chini) nimeitoa kwenye sampuli za Goa za zamani. Foresti ikilia peke yake ni safi, Goa peke yake ni safi. Zikikutana, chini kunavimba, na juu melodia inasikika kama imekosea noti, ingawa nimeikagua mara tatu. Wimbo ni wa kupigwa alfajiri, kwa hiyo sitaki mpito wa kushtua watu. Nianzie wapi?

ChuraWaRuzizi (Bukavu)
Una magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

La chini ni hesabu tu. Kwa mapigo 150, pigo moja ni milisekunde 400, robo yake 100. Foresti huweka kiki kwenye robo ya kwanza na besi kwenye tatu zinazofuata. Sampuli za zamani mara nyingi zina mkia mrefu: kiki ya milisekunde 160 imeshailalia noti ya kwanza ya besi kwa 60. Hapo hakuna EQ (kipunguza na kiongeza masafa) ya kukuokoa. Fungua sampuli, kata mkia kwenye 95, na milisekunde 8 za mwisho zififie, la sivyo utasikia "tik" kila pigo. Noti za besi ziwe na urefu wa 70 hadi 80. Halafu kwenye sinthesaiza ya besi washa kile kitufe kinachoanzisha wimbi upya kila noti. Bila hicho noti moja inatoka nzito, inayofuata nyepesi, nawe unakesha na kompresa (kisawazisha nguvu ya sauti) bure.

La juu ni noti ya tatu ya skeli. Hiyo la yako ni tatu kubwa, na ndiyo inayoipa Goa ile ladha ya mashariki. Foresti hata usipoiandikia melodia, ndani ya yale mavumo na mikwaruzo kuna noti, na mara nyingi ni tatu ndogo, yaani la-bemoli. Nyamazisha kila kitu, acha mavumo na arpejio, usikilize: aliyewahi kuimba kwaya atakunja uso. Kwa hiyo katika vipimo 32 (kila kimoja mapigo manne) vya kuungana (sekunde 51 hivi) melodia ibaki na fa, sol-bemoli na do basi. Pande zote mbili zinazikubali. La iingie mavumo yakishatoka.

Na 303: rizonansi (mkazo wa sauti kwenye mpaka wa filta) ikiwa asilimia 75 na filta imefungwa, ule mlima wa rizonansi unaangukia kwenye besi. Weka filta ya pili baada yake, ikate chini ya hezi 200, ndipo uifungue ile ya kwanza taratibu kwa vipimo vyote 32.

Katuba_usiku (Lubumbashi)
Yaya (mkubwa wetu) wa Bukavu amemaliza sehemu kubwa. Mimi ningehama fa kabisa. Fa ya chini ni karibu hezi 44, na spika nyingi za inchi 12 tunazokodi zinaishiwa nguvu chini ya 50, unabaki na "tap tap". Panda hadi sol, hezi 49. Noti zako tatu zitakuwa sol, la-bemoli, re.

Ila ujue umeme wetu nao ni hezi 50. Waya zikiwa na mvumo, unakaa mlango kwa mlango na sol yako, na besi itayumba taratibu, mara moja kwa sekunde. Chomoa chaja ya kompyuta wakati muziki unapiga. Mvumo ukikoma, mkosaji ni chaja: piga kwa betri, au weka kisanduku cha DI (cha kuunganisha sauti) chenye transfoma kati ya kadi ya sauti na mikza.

Kama umerekodi nyenje wa usiku, wengi wanalia hezi 4,000 hadi 5,000, palepale panapong'aa 303. Wapunguze desibeli 4 melodia ikiingia. Chini ya 300 kata yote, huko ni upepo tu.

Riveba (mwangwi wa ukumbi) usiigawe sawa. Msitu upate mkia wa sekunde 4, melodia sekunde 1.5 na ichelewe milisekunde 25 kabla ya kuanza, ili noti isikike kavu kwanza. Mwangwi wa melodia uweke robo tatu, milisekunde 300.

Majengo_148
Aksanti sana wakubwa. Mkia nimekata kwenye 95, kuvimba kumekwisha. Ile la nimeitoa, na "kosa" limeondoka nayo. Nimehamia sol. Swali la mwisho: baada ya wimbo huu zinafuata Goa za zamani za 142. Nizipandishe hadi 150?

ChuraWaRuzizi
Hapana. Kutoka 142 hadi 150 ni asilimia 5.6, karibu nusu toni nzima: wimbo wa sol utatua karibu na la-bemoli, juu ya sol yako. Ukifunga toni, yaani kasi ipande bila noti kupanda, programu inalainisha ncha ya kiki. Wewe shuka: 150, 148, 146, 144, hatua moja kila wimbo, na ushuke pale tu kiki imenyamaza. Nafasi hizo zipo. Madijei wa Goa miaka ya 1990 walipiga kanda za DAT (kanda ndogo za dijitali) zisizobadilishwa kasi, ndiyo maana nyimbo nyingi za wakati ule zinaanza na kuisha bila ngoma. Kutoka 142 hadi 144 ni asilimia 1.4, hakuna atakayejua.

Katuba_usiku
Na ratiba za sherehe za foresti za Sweden usiziige. Kule kiangazi mapambazuko yanavutwa kwa muda mrefu, wanaweza kubadilisha rangi ya muziki polepole. Goma iko karibu kabisa na ikweta: kutoka mwanga wa kwanza hadi jua kuchomoza ni dakika 20 na kitu. Hizo ni nyimbo tatu za dakika saba, yaani hatua tatu za yaya hapo juu. Jua linatoka karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo wimbo wako wa daraja uanze saa kumi na moja na nusu. Ukiuchelewesha, mavumo ya msitu yatakuwa bado yanalia na watu wanaonana usoni.