Majina marefu yanakatika kwenye kitambulisho, msaada jamani

kijana_wa_wete
Asalam alaykum wakuu. Nna kazi ya vitambulisho vya skuli moja huku kwetu, kadi za plastiki saizi ya kadi ya benki, sasa majina yananishinda. Si mnajua majina yetu, lake, la baba, la babu, na yote marefu. Mfano Mwanakhamis Abdulrahman Mwinyikombo linatoka Mwanakhamis Abdulrahman Mwinyi, basi. Nshapunguza fonti hadi 7, nshaweka Arial Narrow, wapi! Mzee mmoja kaja juu, anauliza huyo Mwinyi nani katika ukoo wao. Printa mbovu au? Majina napewa na skuli kwenye faili la Excel linalotoka kwenye sistimu yao.

mpiga_chapa_mkoani
Andika M. A. Mwinyikombo yaishe

kijana_wa_wete
Hao wenye M. A. wako tele humo, mwalimu atawajuaje?

fundi_darajani
Hebu hesabu herufi za hilo jina lilokatika, na nafasi uzihesabu. Ni 30 kamili. Printa haijui herufi, inajua milimita, ingekuwa kadi ndo ndogo basi majina yenye i na l nyingi yangeingia marefu na yenye m na w yangekatika mapema, na ulipopunguza fonti ungepata nafuu. Hapo aloitengeneza sistimu kaweka VARCHAR(30) kwenye jina, yaani mwisho herufi 30. MySQL (programu ya databesi, ya kuhifadhia data) za zamani ukizipa jina refu zinakata zinaendelea zao, onyo linatoka lakini nani analisoma. Tangu 5.7 kawaida yake inakataa na kutoa eror, ila watu wakichoshwa na eror wanaizima hiyo strict mode, yaani huo ukali wa kukataa. Na bahati mbaya limekatikia pahala pazuri, Mwinyi nalo jina, ndo maana hakuna alogundua.

kijana_wa_wete
Wallahi kweli, nimefungua faili, limekatika humo humo 😩 Sasa wakiongeza iwe 100 yatarudi?

fundi_darajani
Hayarudi. Yalokatwa hayakuhifadhiwa pahala. Weka =LEN(A2) kwenye Excel ikuhesabie herufi, uburure mpaka chini, chuja wenye 30 na wenye 29 (yakikatikia kwenye nafasi, huenda sistimu ikaifuta), hao ndo wa kuandikwa upya kwa vyeti vya kuzaliwa. Watakuwemo ambao majina yao ni 30 kihalali, si neno.

bi_mchapaji
Wanangu, hata wakirekebisha, kadi ina upana wa milimita 85.6 tu na picha inachukua chake, usilazimishe mstari mmoja. Mie naweka jina lake na la baba juu, la babu chini, nakata mwenyewe baina ya majina, siiachii mashine. Na fonti iwe moja kwa wote, ukimpunguzia mmoja mmoja kadi zinakuwa vichekesho. Pasipoti nazo, ile mistari miwili ya chini ya kusomwa na mashine ina herufi 44 kila mmoja na jina limepewa 39, likizidi linafupishwa kwa kanuni za ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), lakini hapo juu panabaki jina la kusomwa na mtu. Kufupisha ni kwa kuonesha, kwenye databesi liwe zima.

kijana_wa_wete
Nshachuja, orodha naipeleka skuli asubuhi. Yule mzee nimwambieje?

mpiga_chapa_mkoani
Kadi mpya, bure, na usimtajie VARCHAR