MREJESHO: Rangi ya unga kutoshika kwenye karatasi ya mgomba

Niliuliza kwa nini oksaidi nyekundu (ile ya kutia kwenye saruji ya sakafu) inabaki kwenye maji ya beseni, karatasi inatoka imepauka. Asanteni sana, jibu limepatikana: nyuzi za mgomba na chembe za rangi zote zina chaji hasi, hivyo hazishikani. Inatakiwa dawa ya kushikisha yenye chaji chanya.

Mpangilio ndio muhimu. Loweka rangi kwanza kwa maji kidogo hadi mabonge yaishe, ndipo uitie kwenye rojo (nyuzi zilizopondwa ndani ya maji) na kukoroga vizuri. Nyuzi kavu gramu 500 zinatosheka na oksaidi gramu 15 kwa rangi ya wastani. Dawa izimue kwa maji mengi, uimimine kidogo kidogo huku unakoroga. Chota rojo kwenye glasi, liache litulie. Maji ya juu yakiwa maangavu, bila rangi, acha kuongeza dawa hapo hapo. Ukizidisha, nyuzi zinagandana na karatasi inatoka na madoa.

Kwa aliyependekeza shabu (alum) iwe dawa ya kushikisha: inashikisha kweli, ila inaacha asidi, na karatasi inageuka njano na kukatika miaka ikipita. Kwa kadi za kutunzwa siishauri kabisa. Unga wa chaki (kalsiamu kabonati), asilimia 5 ya uzito wa nyuzi, unakinga asidi lakini unafifisha rangi, kwa hiyo ongeza oksaidi kiasi.