Madaktari wa dharura, tupeane uzoefu: unapotoka kwenda kuwaambia ndugu

Mleta mada
Salaam wanajukwaa. Nina miaka sita katika idara ya magonjwa ya dharura, na watu wakisikia hivyo huniuliza kuhusu damu. Damu niliizoea mwezi wa kwanza. Nisichokizoea mpaka leo ni zile hatua chache kutoka kitandani hadi kwenye benchi walipoketi ndugu, kwa sababu mama wa kijana aliyepata ajali ya bodaboda huanza kunisoma usoni kabla sijafungua mdomo. Usiku mmoja nilimwambia mzee fulani kwamba mwanawe "hatunaye tena", naye akaniuliza kwa upole, "Amepewa rufaa ya kwenda wapi?" Tangu siku ile hutamka neno lenyewe, "amefariki", ingawa malezi yetu yanataka habari kama hiyo izungukwe kwanza. Ninyi wenzangu hufanyaje, na mkifika nyumbani hubaki na nini?

Tabibu wa Wilayani
Kwetu usiku daktari ni mmoja. Aliletwa mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali, damu imepungua mno, na kabla chupa ya damu haijafika kutoka maabara akawa ameshakata roho. Nilikaa na mama yake kwa dakika ambazo hazikufika tano, kisha nikamhudumia bwana mmoja aliyekatwa kidole, ambaye alinigombeza kwa kumchelewesha. Nikamwomba radhi na kumshona. Asubuhi binti yangu, wa umri uleule, alimwaga uji, nami nikamfokea mpaka mke wangu akamwondoa mezani. Sikuwa na hasira na uji. Hadi sasa huamka usiku kwenda kusikiliza kama anapumua.

Muuguzi Mkongwe
Daktari akishatoka, sisi ndio tunaobaki kumfunga marehemu kidevu na kuwakabidhi ndugu mfuko wa nguo na viatu. Yuko muuguzi wa Marekani, Jonathan Bartels wa Virginia, aliyeanzisha desturi ya timu nzima kusimama kimya kwa muda mfupi kando ya marehemu kabla ya kuendelea na kazi. Tulipoijaribu kwetu mara ya kwanza, daktari mmoja alitazama saa yake. Siku hizi yeye ndiye anayetukumbusha.

Mleta mada
Ahsante, dada. Mimi nilipomweleza mkuu wangu kwamba silali, alinijibu kuwa kazi hii ni wito. Hata hivyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huu wa kazi (burnout) katika ICD-11, yaani orodha yake ya kimataifa ya kuainisha magonjwa na hali za kiafya, kama hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa, na halikuuita ugonjwa. Kwangu hilo lina uzito, kwani linaelekeza swali kwenye ratiba ya zamu, si kwenye moyo wangu tu.

Intani
Shikamooni wakubwa zangu. Wiki iliyopita nilitumwa peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekariri maneno yote, lakini nilipomaliza kuyasema, bibi wa marehemu alinishika mkono akasema, "Pole, daktari, mmejitahidi." Kilio nilikuwa nimejiandaa nacho, na hata matusi, pole sikuitarajia. Nilishindwa kumjibu, nikarudi ndani, kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika mlangoni.