Nyaraka za marejeo za lugha ya programu: mnahakikishaje kila mfano ni kweli?

kiunzi

Wakuu, habari zenu. Natunza nyaraka za marejeo za lugha ndogo ya skripti inayotumika ndani ya mfumo wa mahesabu. Injini yake imeandikwa kwa Python, kurasa ni faili za maandishi za .rst zinazojengwa kwa Sphinx (zana ya kutengeneza nyaraka), na fanksheni za ndani ni kama sitini.

Kuna shida mbili. Mifano kadhaa haitoi tena jibu lililoandikwa chini yake, kwa sababu injini ilibadilika na ukurasa haukuguswa. Halafu watumiaji wanasoma ingizo lote na bado wanarudi kuuliza. Ingizo la kawaida liko hivi:

    ongeza_miezi(tarehe, n)
        Huongeza miezi kwenye tarehe.

Nafikiria kuzalisha kurasa zote moja kwa moja kutoka kwenye maelezo yaliyo ndani ya msimbo. Hilo linatosha?

---

nanga_ya_data

Mkuu, halitoshi. Kuzalisha kutoka kwenye msimbo kunakupa jina la fanksheni, mpangilio wa vigezo na thamani zake za msingi, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mtu hapaswi kuviandika kwa mkono hata siku moja. Lakini sentensi yako "Huongeza miezi kwenye tarehe" ikizalishwa na mashine itabaki pungufu vilevile.

Angalia maswali ambayo ingizo hilo limeyaacha. Tarehe 31 Januari ukiongeza mwezi 1 unapata nini? Hakuna jibu la asili, kila lugha imechagua lake. Katika Java, `LocalDate.plusMonths` inarudi hadi siku ya mwisho ya mwezi, yaani 28 au 29 Februari. Katika JavaScript, `setMonth` inamwagikia mwezi unaofuata: kwa mwaka wa kawaida unapata 3 Machi, mwaka mrefu 2 Machi. Python ukiita `date.replace(month=2)` kwenye tarehe hiyo inakataa kabisa na kutoa `ValueError`. Mtumiaji wako anatoka katika mojawapo ya lugha hizo na anakuja na dhana yake. Usipomwambia, atafuata dhana hiyo, na hesabu za mwisho wa mwezi zitatoka na kasoro bila ujumbe wowote wa kosa.

Kwa hiyo kwa kila ingizo jiulize: `n` inaweza kuwa hasi? Sifuri? Desimali? Fanksheni inarudisha tarehe mpya au inabadilisha ile ile uliyoipa? Kosa gani linatoka, na kwa sharti lipi hasa? Jambo la kubadilisha au kurudisha watu huliacha sana. Kwenye Python `orodha.sort()` hupanga orodha yenyewe na kurudisha `None`, wakati `sorted(orodha)` hurudisha orodha mpya; anayeandika `x = x.sort()` anapoteza data yake.

Mimi ningeandika hivi:

    ongeza_miezi(tarehe, n)
        Hurudisha tarehe mpya iliyo miezi n baada ya tarehe.
        n ni namba kamili. Ikiwa hasi, hurudi nyuma.
        Siku isipokuwepo katika mwezi unaofikiwa, hutumika
        siku ya mwisho ya mwezi huo.
        KosaLaAina: n ikiwa desimali, hata 2.0.

Mistari sita, na maswali yote yamejibiwa. Sentensi ya kwanza ianze na kinachorudishwa, maana wengi husoma hiyo tu na kuondoka.

---

fundi_wa_testi

Naongezea upande wa mifano. Mfano usioendeshwa na mashine utaoza, tena bila kelele. Python ina `doctest` ndani yake tangu toleo la 2.1: inasoma mistari yenye `>>>`, inaiendesha, na kulinganisha matokeo na kilichoandikwa chini. Rust inafanya hivyo kwa mifano iliyo kwenye maelezo ya `///` kila unapoendesha `cargo test`. Go ina fanksheni za `Example` zenye maoni ya `// Output:` mwishoni. Ukisahau maoni hayo mfano unakompailiwa tu, hauendeshwi, na wengi hudhani umepimwa.

Kwako `doctest` haitatumika moja kwa moja kwa sababu mifano si ya Python. Chagua alama yako, mfano `skr>`, kisha andika skripti fupi inayofungua kila .rst, inachukua mstari wenye alama hiyo, inaupeleka kwenye injini, na kulinganisha jibu na mistari inayofuata. Usitumie `>>>`, kwa sababu kiendelezi cha doctest cha Sphinx kikiwashwa kitadhani ni Python na kukujazia makosa. Skripti irudishe namba isiyo sifuri inapokuta tofauti, ili mabadiliko ya injini yasipokelewe mpaka ukurasa nao urekebishwe.

Sehemu moja ni ya kuangalia kwa makini: kila kipande cha mfano kianze na injini safi. `doctest` ikisoma faili la maandishi hutumia mazingira mamoja kwa faili zima, hivyo mfano wa chini unaweza kutegemea kigeu kilichowekwa juu kabisa. Testi inapita, lakini msomaji akinakili kipande hicho peke yake anapata `NameError`, yaani kosa la jina lisilojulikana. Hatari ni hiyo hiyo kwa mistari iliyofichwa, kama `testsetup` ya Sphinx au mistari inayoanza na `#` katika mifano ya Rust. Ficha maandalizi yasiyomhusu msomaji. Lakini chochote anachohitaji kuandika ili mfano ufanye kazi, mwache akione.

Epuka pia kuchapisha vitu vinavyobadilika: saa ya sasa, anwani za kumbukumbu, mpangilio wa seti. Testi inayofeli ovyo watu huizima, na ikizimwa umerudi ulikoanza.

---

kiunzi

Nimeelewa, asanteni. Kuhusu mpangilio: amri yetu ya `funguo()` leo inarudisha funguo kwa mpangilio zilivyoingizwa. Niandike hivyo?

---

mlinda_toleo

Andika tu kama mko tayari kulilinda hilo. Katika CPython 3.6 (injini ya kawaida ya Python) kamusi, yaani jozi za ufunguo na thamani, zilianza kuhifadhi mpangilio wa kuingiza, lakini ilikuwa sifa ya utekelezaji. Ikawa ahadi ya lugha kuanzia 3.7. Ukiandika kama ahadi jambo lililotokea kwa bahati, hutaweza kulibadilisha baadaye bila kuvunja msimbo wa watu. Usipoandika kitu, wataligundua wenyewe na kulitegemea. Kwa hiyo sema wazi: "Mpangilio haujaahidiwa." Go wamekwenda mbali zaidi, wanavuruga makusudi mahali pa kuanzia wanapopitia ramani (kamusi za Go) ili mtu asizoee mpangilio.

Na kila badiliko liwe na toleo lake ndani ya ingizo lenyewe, si kwenye orodha ya mabadiliko peke yake. Sphinx ina `versionadded`, `versionchanged` na `deprecated`. Unapoandika kwamba kitu kimepitwa, taja mbadala katika sentensi hiyo hiyo.

---

nanga_ya_data

Mawili ya haraka kuhusu ukamilifu na utafutaji.

Chukua majina yote kutoka kwenye jedwali la fanksheni la injini, chukua na majina yote yenye ingizo kwenye .rst, kisha toa seti moja kwenye nyingine, pande zote mbili. Upande mmoja unakuonyesha fanksheni zisizo na maelezo, wa pili maelezo ya fanksheni zilizokwisha kufutwa. Jenga kwa `sphinx-build -n -W`: `-n` inalalamikia kila rejeo lisilo na shabaha, `-W` inageuza onyo kuwa kosa.

Kwenye faharasa weka alama pia, si majina tu. Mtu aliyekutana na `%` au `..` hajui inaitwaje, na kisanduku cha kutafutia mara nyingi hutupa alama hizo. Tengeneza ukurasa mmoja wa viendeshi vyote (alama za kukokotoa kama hizo) pamoja na kipaumbele chao, yaani kipi hukokotolewa kwanza. Ujumbe wa makosa nao uingie neno kwa neno kama injini inavyouchapisha, kwa sababu msomaji ataunakili kutoka kwenye skrini na kuubandika kwenye utafutaji. Ukitaka usitofautiane, skripti ya fundi_wa_testi iupime kama inavyopima jibu lingine lolote.