Waliosoma fasihi ya Kiingereza pamoja na uandishi wa habari, tupeane uzoefu

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)

Jambo wapendwa. Mdogo wangu wa kike amefaulu Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari, na anataka kusoma fasihi ya Kiingereza na uandishi wa habari. Si kimoja halafu kingine, anavitaka vyote viwili kwa mpigo. Minervali, yaani ada ya chuo, nitalipa mimi, kwa hiyo naomba waliopita njia hiyo watuambie kulivyo.

Ninayoyajua ni machache. Uingereza kuna vyuo vinavyotoa shahada moja ya masomo mawili, nusu hiki nusu kile, na jozi ya Kiingereza na uandishi wa habari ipo. Hapa kwetu UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kiingereza na sayansi za habari na mawasiliano ni idara za kitivo kimoja, kile cha Lettres (lugha na fasihi), ila mwanafunzi huandikishwa kwenye idara moja. Na tangu LMD, mfumo wa lisansi, masta na doktora, ilipoingia mwaka 2021-2022, lisansi (shahada ya kwanza) ni miaka 3 na krediti 180, na krediti hizo zote zimeshajazwa na masomo ya idara yake.

Baba anasema uandishi wa habari hauleti bukari (ugali) mezani, na fasihi ya Wazungu haileti hata mboga. Simbishii, lakini nimemwona mtoto huyu akisoma mpaka umeme unakatika, kisha anaendelea kwa tochi ya simu. Sitaki kumvunja moyo kwa jambo nisilolijua. Mlichanganyaje? Ugumu ulikuwa wapi? Na leo mnaishi kwa kazi gani?

Mwana Kamalondo (Lubumbashi)

Yaya, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Mimi chuoni nilisoma Kiingereza, na habari nikajifunzia redioni. Nilianza staji, yaani mafunzo kazini, kwenye redio moja ya mtaani nikiwa bado mwanafunzi, na sikutoka tena. Karatasi yangu imeandikwa Kiingereza tu, lakini kazi yangu imejengwa na masomo yote mawili.

Wengi hudhani Kiingereza humfaa mwandishi kwa sababu atawahoji wageni. Wageni wenyewe ni wachache. Mimi kilichonifaa ni namna ya kusoma. Darasa la fasihi linakuzoesha kuuliza kila ukurasa: hapa anayesimulia ni nani, na anachokisema amekijuaje? Ukishalizoea swali hilo kwenye riwaya, huwezi tena kukaa kwenye mkutano wa mheshimiwa au wa mkuu wa mgodi ukabeba kila kitu kama kilivyotoka mdomoni mwake.

Nitoe mfano. Kuna msimu unga wa mahindi ulipanda bei ghafla hapa mjini. Nikaenda soko la Mzee, na kila mama niliyemuuliza alinijibu vilevile: Zambia imefunga mpaka. Mhariri alitaka habari hiyo isomwe jioni ileile. Nikarudi kwa wale mama, nikauliza, nani amekwambia? Mmoja aliambiwa na mwenye depo. Mwenye depo aliambiwa na mwenzake. Hakuna hata mmoja aliyetoka Kasumbalesa, kule mpakani, siku hiyo. Nikampigia dereva mmoja Mzambia, tukaongea Kiingereza chetu cha barabarani, akanieleza kwamba malori yanavuka, ila foleni ni ndefu mno na kila siku ya kusubiri ina gharama yake. Magazeti ya Lusaka niliyoyasoma kwenye simu hayakuwa na tangazo lolote la kufunga. Jioni tukasema hivyo: mpaka uko wazi, foleni inakula pesa, na hiki tumekipata kwa nani. Kesho yake mama mmoja akanipigia kushukuru, maana wateja walikuwa wanamwita mwizi.

Memwari yangu, ile tasnifu ya kumalizia chuo, nayo niliiweka katikati ya masomo haya mawili, na hapo ndipo ningependa mdogo wako afike. Nilisoma kisa cha Joseph Conrad, Heart of Darkness cha mwaka 1899, sambamba na maandishi ya E. D. Morel. Conrad alifika Matadi mwaka 1890, akapanda mto kwa meli mpaka Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Yaani huyu alikuwepo. Lakini ukisoma kisa chake, Wakongo karibu hawasemi kitu, wanapita kama vivuli kwenye ukingo wa mto. Morel hakukanyaga Kongo. Alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, akifuatilia mizigo bandarini Antwerp. Akaona meli zinazotoka Kongo zimejaa mpira wa porini na pembe za ndovu, na zinazokwenda Kongo zimebeba bunduki na risasi, huku bidhaa za kuwalipa wavunaji zikiwa karibu hakuna. Kwa kusoma vitabu vya mizigo tu akatambua kwamba mpira ule haukununuliwa, watu walilazimishwa kuuleta. Mwaka 1901 akaacha kazi, mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail, na mwaka 1904 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kupigania mageuzi ya Kongo.

Mimi ni mjukuu wa watu wa nchi hii, na kuyasoma mambo hayo kulinibadilisha. Aliyekuwepo alituachia ukungu, na ambaye hakuwepo akaleta ushahidi. Ningesoma fasihi peke yake ningebaki na Conrad. Ningesoma habari peke yake pengine nisingejua kwa nini kisa cha Conrad bado kinawashika watu zaidi ya makala za Morel, na mwandishi wa habari anapaswa kulijua hilo.

Mwalimu wa Nguba (Bukavu)

Salamu kutoka huku Bukavu. Mimi nilipita ISP, chuo cha ualimu, idara ya Kiingereza na utamaduni wa Kiafrika. Mchana nafundisha sekondari, jioni niko redioni. Wenzangu wengi wanaishi hivyohivyo, na mshahara mmoja hautoshi kulea nyumba.

Mwana Kamalondo amesifu fasihi, na mimi nakubaliana naye kuhusu kusoma. Kwenye kuandika lakini kuna vita. Insha ya fasihi inakupa ruhusa ya kuzunguka, unafungua hoja, unaishuku, unairudia kwa upande mwingine, na profesa anafurahi. Msikilizaji wa redio hana ukurasa wa kurudia. Yuko jikoni, moshi machoni, mtoto analia mgongoni. Sentensi ikizidi pumzi moja, umempoteza. Nilipoanza, mkuu wangu wa zamu alikuwa ananisimamisha mbele yake nisome habari kwa sauti, na kila nilipokata pumzi katikati ya sentensi anaweka alama ya kalamu nyekundu. Karatasi inarudi imejaa mistari. Njia hiyo naitumia mpaka leo kwa wanafunzi wangu wa Kiingereza, na insha zao zimekuwa nzuri zaidi.

Yaya, kuna mawili ambayo chuo hakitamwambia mdogo wako mapema. La kwanza ni sheria. Sheria ya vyombo vya habari ya tarehe 22 Juni 1996 tuliyosomea sisi imeshabadilishwa, sasa kuna ile ya tarehe 13 Machi 2023, na siku hiyohiyo ilitoka pia sheria ya mambo ya dijitali, inayogusa hata anachoandika mtu kwenye simu yake. Akisoma Kiingereza tu hatafundishwa hayo, na akianza kuandika habari yatamhusu kama yanavyomhusu mwenye kadi ya uandishi. Ayatafute ayasome mwenyewe. La pili ni kupaji, ile bahasha anayopewa mwandishi mkutano ukiisha. Kijana wa staji asiye na mshahara anashikwa kwa bahasha hiyo kabla hajajua anaandika nini. Mwekee nauli ya usafiri kila wiki. Nasema kwa uzito wote, nauli yako ndiyo itakayomfanya aweze kukataa.

Clyde 243 (Glasgow)

Nimelelewa Ruashi, hapo Lubumbashi, na shahada ya aina hiyo nimeisomea huku Uskoti. Huku shahada kamili ni miaka 4, ukishuka England kwa kawaida ni 3.

Msifikirie kwamba masomo mawili yanamaanisha nusu ya kazi kila upande. Upande wa fasihi vipindi ni vichache lakini vitabu havina huruma: wiki hii riwaya nzima ya karne ya 19, wiki ijayo mashairi, na kila mtu kwenye semina anategemewa aseme kitu. Upande wa habari unaingia chumba cha habari asubuhi kama mfanyakazi, unapewa kazi, na jioni saa ikifika kazi inachukuliwa ilivyo. Chuoni kwangu idara hizi mbili hazikuwa zinaongea. Kazi za pande zote mbili zilikuwa zinaangukia wiki moja, na aliyepaswa kuzipatanisha ni mwanafunzi. Mimi nilikuwa nachukua kalenda zote mbili mwanzo wa muhula, naziunganisha kwenye karatasi moja ukutani, kisha naomba mapema kubadilishiwa tarehe. Ukiomba mapema wanakusikiliza.

Kitu kilichonishangaza ni hati mkato, yaani kuandika kwa alama za haraka. Waandishi wengi wa Uingereza wanajifunza mfumo unaoitwa Teeline, uliotungwa na James Hill mwaka 1968. Unaondoa irabu nyingi na herufi zisizotamkwa, kila herufi inabaki mkwaju mmoja mwepesi wa kalamu, na lengo ni kuandika maneno 100 kwa dakika. Mahakamani huku mwandishi haruhusiwi kujiwashia kinasa sauti anavyotaka, kwa hiyo mkono ndio kinasa chake. Nilikuwa nafanya mazoezi kwa mahubiri ya padri kila Jumapili. Sasa nikisikiliza hotuba kwa Kiswahili naandika kwa mikwaju hiyohiyo, ingawa lugha yetu ukiiondolea irabu inabaki mifupa mitupu, kwa hiyo nimejiwekea alama zangu za ziada.

Kuhusu ada: mtu anayetoka nje ya Uingereza hulipishwa zaidi sana kuliko wa hapa, na bado kuna viza na makazi. Bila ufadhili, Yaya, msiuze kiwanja cha familia kwa hili. Alichokifanya Mwana Kamalondo akiwa hapohapo nyumbani kinakaribia sana nilichokipata mimi.

Mfasiri wa Birere (Goma)

Mimi fupi. Soma vyote, lakini jifunze kutafsiri. Nilisoma Kiingereza, nikapita mafunzo ya redio, na kinacholipa kodi yangu ni tafsiri ya ripoti za mashirika na kuwaongoza waandishi wa nje wanapofika: kupanga mahojiano, kutafsiri, kujua barabara ipi ipitwe leo na ipi isipitwe. Kazi hii inahitaji yote mawili. Mjua Kiingereza asiyejua habari atatafsiri kila kitu isipokuwa lile jambo ambalo mhojiwa alisita kulisema.

Na dada zetu wanaoingia kazi hii wasikubali kwenda popote kabla ya kukubaliana kwa maandishi malipo ni kiasi gani, na nani atawajibika wakipatwa na jambo njiani. Wageni wana bima. Waulize kama yao ipo.

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)

Asanteni sana, nimewasomea wote nyumbani kwa sauti, na baba amesikiliza mpaka mwisho. Lile la nauli limemgusa.

Nimebaki na swali moja. Mtoto amesoma shule yote kwa Kifaransa. Kiingereza chake ni cha darasani na cha nyimbo. Je, ataweza fasihi mwaka wa kwanza?

Mwana Kamalondo (Lubumbashi)

Ataweza, ila miezi ya mwanzo itakuwa migumu, na ajue ni migumu kwa karibu kila mtu kwenye promosyo (darasa la mwaka wake). Vijana wengi wa hapa huvuka kwenda Ndola au Kitwe, miji ya Zambia, kukaa kwa ndugu na kuishi ndani ya Kiingereza kwa likizo moja. Kama mna jamaa upande ule, mpelekeni kabla masomo hayajaanza. Kama hamna, asikilize redio za Zambia, ukikaa Lubumbashi unaweza kuzishika, na kila jioni achague habari moja aiandike upya kwa Kiswahili kama vile atamsomea bibi yake. Hapo atakuwa ameshaanza masomo yote mawili kwa wakati mmoja.

Na asianze na Shakespeare peke yake kwa kuogopa kuonekana mshamba. Aanze na Chinua Achebe wa Nigeria. Kiingereza chake kinasomeka, mambo yake tunayajua, na Achebe mwenyewe aliingia kazi ya redio Lagos mwaka 1954, miaka 4 kabla ya kutoa riwaya yake ya kwanza. Akimaliza, asome mhadhara wake wa mwaka 1975 juu ya Conrad, ndipo amfungue Conrad.

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)

Tuna shangazi Kitwe. Ataondoka wiki ijayo, na akirudi atajiandikisha Kiingereza. Jumamosi tutatafuta redio itakayompokea, nauli juu yangu. Mwana Kamalondo, kama memwari yako bado unayo, naomba tuje tuitoe fotokopi.

Mwana Kamalondo (Lubumbashi)

Ipo, yenye alama za profesa pembeni. Njooni na flashi pia, magazeti ya Morel niliyakusanya kwenye kompyuta na ni mengi kuliko karatasi mtakayoweza kulipia.