MREJESHO: Zile nyanya za bustani ya shule zilizokuwa zinanyauka

Wakuu habari zenu, nimerudi. Niliuliza kuhusu nyanya za bustani ya shule yetu huku Morogoro, zinanyauka ghafla mchana na majani bado ya kijani, wengine mkasema maji hayatoshi wengine mnyauko fusari (ule unaoletwa na kuvu). Sasa kuna mdau alisema kata shina karibu na mzizi ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi, tukafanya na watoto wa klabu ya kilimo, dakika chache tu ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa, watoto wakapiga kelele "mwalimu linatoa usaha!" 😂

Basi ndo mnyauko bakteria huo, ule uzi mweupe ni bakteria wanaotoka kwenye shina, bwana shamba nae alivyokuja kasema hivohivo, dawa ya kuuponya hamna, wa duka la pembejeo asikuuzie maneno. Yenye ugonjwa tumeng'oa na mizizi yake tukachoma, majembe tunaosha kwa jiki. Hapo sasa tunaweka mahindi, na nyanya, bilinganya, hoho, viazi mviringo hata mnavu marufuku kwa misimu kadhaa maana ni ukoo mmoja. Mchicha wa upande wa juu unadunda tu, wala haujaguswa.

Asanteni sana wadau.